Muulize Mwalimu: Nyota au historia?

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Iringa. Fizikia naipenda, hasa mambo ya anga, lakini somo lililonishika tangu kidato cha kwanza ni historia. Baba ananiambia mshika mawili moja humponyoka. Je, yuko mtu aliyewahi kuzifanya zote mbili zikamlisha, au nisahau?*
– Msichana wa PCM, Iringa

Marahaba, mwanangu. Methali ya baba usiipinge, ni mzee wako. Wewe msimulie tu habari za Owen Gingerich.

Huyu alizaliwa Machi 1930 katika jimbo la Iowa, Marekani, wiki chache baada ya Pluto kugunduliwa. (Hiyo Pluto ishike, kuna msomaji mwingine ameiulizia hapa chini.) Kwao walikuwa Wakristo wa Kimennonite, watu wasioshika silaha. Mwaka 1946, akiwa kijana wa miaka 16, alipanda meli na baba yake kupeleka farasi Poland, nchi iliyokuwa imebomolewa na vita na wakulima wake hawana hata mnyama wa kulimia. Baadaye alisoma Chuo cha Goshen, akaenda Harvard, akafundisha kwa muda Beirut, akarudi Harvard na kumaliza udaktari wake wa astronomia mwaka 1962. Zingatia hapo: udaktari wa astronomia. Historia hakuisomea shahada.

Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukokotoa, kwa kompyuta, jinsi mwanga unavyopenya tabaka za nje za nyota. Kompyuta za wakati huo zilijaza chumba kizima na waliozishika walikuwa wachache. Yeye akajiuliza: mbona nisizirudie hesabu za wazee wa kale? Johannes Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, alipokuwa akitafuta njia ya Mirihi mwanzoni mwa karne ya 17, alilalamika kitabuni kwamba alirudia hesabu ileile kwa mkono si chini ya mara 70. Gingerich aliiingiza kwenye mashine, ikaisha kwa sekunde chache.

Kisha akaigeukia hadithi iliyokuwa kwenye kila kitabu cha shule: kwamba kabla ya Copernicus, mwanaastronomia wa karne ya 16, wataalamu wa anga walikuwa wamebandika duara juu ya duara juu ya duara ili sayari zikae mahali pake, mpaka mfumo ukawazidi. Akakokotoa upya nafasi za sayari kwa majedwali ya zama za kati, akalinganisha na almanaka (vitabu vya nafasi za sayari siku kwa siku) zilizochapwa enzi hizo. Zikalingana bila duara la ziada hata moja. Watu walikuwa wakitumia hesabu ya Ptolemaio, mwanaastronomia wa kale, kama ilivyokuwa tangu karne ya pili. Hadithi nzuri, ila haikutokea. Na angalia nani aliweza kuigundua: mtu anayejua kukokotoa sayari na ambaye pia ana hamu ya kufungua almanaka kuukuu. Mwanahistoria peke yake asingeweza, mwanafizikia peke yake asingejisumbua.

Lakini kazi iliyompa jina ilianza mwaka 1970. Kitabu cha Copernicus kilichoiondoa dunia katikati na kuliweka jua, *De revolutionibus*, kilichapwa Nuremberg mwaka 1543, mwaka uleule mwandishi wake alipofariki. Mwandishi Arthur Koestler alikuwa ameandika mwaka 1959 kwamba hicho ni kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Kwa kweli hakisomeki kirahisi: sura chache za mwanzo zinazungumza, baada ya hapo ni jiometri na majedwali hadi mwisho. Gingerich alipofika Edinburgh, kwenye maktaba ya kituo cha kifalme cha kuangalia nyota, akafungua nakala yao ya 1543. Pembezoni pamejaa maandishi ya mkono kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna mtu alikisoma, na si kwa kupitisha macho, maana amesahihisha hata makosa ya uchapaji. Nani? Kwenye ngozi ya jalada palikuwa na herufi zilizogandamizwa. Zilimpeleka kwa Erasmus Reinhold, profesa wa Wittenberg, mmoja wa mabingwa wa hesabu za anga katika kizazi kilichomfuata Copernicus.

Sasa tazama alichokiandika Reinhold na alichokiacha. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu ameandika kwa Kilatini kanuni ya kale kwamba mwendo wa mbinguni ni wa mviringo na wa kasi isiyobadilika. Kwenye sura zinazosema dunia inazunguka jua, ambazo sisi leo tunaziona ndizo kitabu chenyewe, karibu hana neno. Kwenye sura ngumu za hesabu, wino umefurika. Kilichomvutia si jua kukaa katikati. Alivutiwa na ufundi wa kukokotoa.

Mtu wa historia angeandika makala moja nzuri kuhusu nakala hiyo akaishia hapo. Mtu wa nyota hajui kuishia kwenye nyota moja. Gingerich aliamua kuona kila nakala ya toleo la 1543 na la pili la Basel la 1566, popote zilipo duniani. Ilimchukua miaka 30. Alizipata karibu 600, akapima kurasa, akaandika madoa, matobo ya funza, majina ya wenye kitabu na maneno ya pembezoni. Orodha yake ilitoka mwaka 2002. Miaka miwili baadaye akawaandikia watu wa kawaida kisa cha msako wenyewe, na jina la kitabu hicho akalichukua kwa Koestler kwa utani: kitabu ambacho hakuna aliyekisoma.

Yaliyopatikana humo ni mengi, nikuchagulie mawili. Mwaka 1620 Kanisa Katoliki lilitoa maagizo ya sentensi zipi zifutwe. Gingerich alikuta zaidi ya nusu ya nakala zilizokuwa Italia zimefutwa, nje ya Italia karibu hakuna iliyoguswa. Galileo naye alitii kwenye nakala yake, ila alikata kwa mstari mwembamba, maneno ya chini yanasomeka vizuri kabisa! La pili ni kesi za wizi. Kitabu hiki mwaka 2008 kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 2, kwa hiyo wezi wanakijua. Mwizi anaweza kukwangua muhuri wa maktaba, lakini matobo ya funza hayakwanguki. Gingerich amewahi kusimama mahakamani kutoa ushahidi.

Umeuliza kama ilimlisha. Ilimlisha. Alikuwa profesa wa astronomia na wa historia ya sayansi Harvard hadi alipostaafu mwaka 2000, huku akiwa mtafiti wa Smithsonian. Darasani hakuwa mtu wa kunong'ona: kuonyesha kanuni ya tatu ya Newton alikaa kwenye kigari, akafyatua mtungi wa kuzimia moto, akajisukuma hadi nje ya mlango. Mwaka ambao wanafunzi walipungua alikodi ndege ipite juu ya chuo na bango la kutangaza somo lake. Alifariki Mei 2023 akiwa na miaka 93.

Ushauri wangu ni huu. Shahada chukua ya fizikia au hisabati. Mtu wa fizikia anaweza kujisomea historia akiwa na miaka 40, ila mwanahistoria aliyeanza kalkulasi uzeeni kwa hiari yake, mimi sijakutana naye. Ongeza lugha moja ya vitabu vya kale. Kwa mtu wa pwani na bara yetu, ningeanza na Kiarabu.

*Mwalimu, nasikia Pluto ilifukuzwa na kamati. Ni kweli? Sisi tulikariri sayari tisa.*
– Dereva wa bodaboda, Kisumu

Kamati ilitaka kinyume chake, ndugu yangu. Mwenyekiti wake alikuwa huyuhuyu Gingerich. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliwapa watu saba, yeye akiwemo, kazi ya kuandika maana ya sayari. Pendekezo lao lilikuwa rahisi: kitu kinachozunguka jua, kikubwa kiasi kwamba uzito wake wenyewe umekivingirisha, ni sayari. Kwa kipimo hicho zingekuwa 12, Pluto ikiwemo. Mkutanoni Prague wengine wakagoma, wakadai sayari iwe pia imejisafishia njia yake, yaani isibanane humo na vitu vingine. Kura ikapigwa Agosti 24 na Pluto ikatoka. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaondoka Prague, na hakuficha kwamba hakufurahi. Mimi niko upande wake, ila mtihani utakaofanywa na mwanao unataka nane. Mfundishe nane.

*Mwalimu, babu yetu alikuwa nahodha wa jahazi. Ameacha daftari la Kiarabu lenye majina ya nyota na hesabu za Nairuzi, kalenda ya mabaharia. Linachanika. Tulipeleke wapi, na lina faida gani?*
– Mjukuu, Lamu

Kwanza msiligundishe kwa selotepu wala msilipeleke kwenye laminesheni. Gundi ile baada ya miaka hula karatasi. Mlipige picha kila ukurasa, hata mitupu, rula ikiwa pembeni, na jalada ndani na nje. Majina, madeni, tarehe za kuzaliwa watoto, hayo ya pembezoni msiyaone takataka, ndiyo yatakayosema daftari lilipita mikononi mwa nani. Halafu ongeeni na watunza nyaraka, kwa upande wa kusini Nyaraka za Taifa Zanzibar wana uzoefu wa hati za Kiarabu.

Faida yake? Mwaka wa Nairuzi ni siku 365 kamili, hauongezwi siku. Kwa hiyo kila miaka minne hivi Siku ya Mwaka huja mapema kwa siku moja ukilinganisha na jua na nyota. Kama babu ameandika kwamba Kilimia, lile kundi dogo la nyota, huonekana tena alfajiri siku fulani ya mwongo (kumi la siku) fulani, namba hiyo ilikuwa kweli kwa miaka michache tu. Fungua Stellarium, programu ya bure, weka mahali Lamu, tafuta Kilimia kinaibuka lini, kisha hesabu siku zilizopishana na tarehe ya babu: kila siku moja ni miaka minne. Kosa la siku tatu ni kosa la miaka 12, si vibaya kwa daftari lisilo na tarehe.

Tahadhari moja. Gingerich aligundua kwamba maandishi ya Reinhold yalinakiliwa na wengine, neno kwa neno, kwenye vitabu vyao. Manahodha nao walinakiliana. Hesabu ikikupa mwaka ambao babu hajazaliwa, usiseme amekosea. Tazama kama mwandiko wa ukurasa huo ni wake, na uwaulize wazee alijifunza bahari kwa nani.