Maswali ya Wasomaji: Siku Moja kwenye Fungu la Maziwe

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu safari za boti: nani aende lini, abebe nini, amlipe nani. Tumezijibu kuanzia ile iliyotushughulisha zaidi.

Wahariri, habari za kazi. Tuko familia nne hapa Pasua, Moshi, watu wazima 8 na watoto 5. Tunataka kwenda kisiwa cha Maziwe, Pangani, sikukuu moja ya mwakani, iwe Idd au Pasaka. Jirani yetu alikwenda, akatuambia walifika wakakuta maji matupu, kisiwa hakipo. Tumecheka, lakini yeye anaapa. Inawezekanaje?
*Mama wa watano, Pasua*

Jirani hakudanganya. Maziwe ni fungu la mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, kama kilomita 8 kutoka pwani ya Ushongo. Zamani lilikuwa na miti, mivinje ikiwemo, na lilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Baadaye mchanga ukaliwa na maji, miti ikaanguka, na leo hakuna hata kichaka. Maji yakijaa sana, bahari hulifunika lote. Jirani alikwenda siku nzuri kwa saa mbaya.

Kwa hiyo, Mama, msianze na nyumba ya kulala wala basi. Anzeni na mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hizo ndizo siku za bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, nayo huitwa maji mafu. Pwani yetu ina bahati ya pekee: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi ya saa 4 na kupwa alasiri, wakati upepo umeshaamka na bahari imechafuka.

Asiye na jedwali la maji aangalie kalenda ya Kiislamu. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wowote ni bamvua, na ndizo zinazofaa kwa safari ya asubuhi. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ziacheni.

Sasa sikukuu zenu. Idd el-Fitri ni tarehe mosi ya mwezi, kwa hiyo maji yatakuwa mazuri mno, ila manahodha wa Pangani na Ushongo wengi ni Waislamu: asubuhi hiyo wako kwenye swala, halafu kwenye pilau. Ombeni siku ya pili au ya tatu. Pasaka nayo huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu, hivyo Ijumaa Kuu mara nyingi haiko mbali na bamvua. Tatizo lake ni masika. Mvua za Machi hadi Mei huchafua maji na kuharibu barabara. Tungechagua sisi, tungekwenda Oktoba au Novemba, upepo wa kusi ukiwa umetulia na ule wa kaskazi haujashika. Julai bahari huwa na hasira; kwa watoto 5 msijaribu.

Ratiba ya siku maji yanapopwa saa 4 iwe hivi: kuondoka Ushongo saa 2 na nusu, kufika kwenye saa 3 na robo au na nusu kwa boti ya mashine, na kuondoka funguni saa 6, ikizidi sana saa 6 na nusu. Watu hupenda kubishana na nahodha hapo, maana mchanga bado unaonekana mkubwa. Ila maji hayapandi sawasawa. Yakiwa na mita 3 za kupanda kwa saa sita, saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, kisha hupungua tena. Yaani saa mbili za mwanzo bahari inakubembeleza, ya tatu inakufukuza. Kwenye fungu lililolala, sentimita 75 za kwenda juu ni mita nyingi sana za mchanga zinazopotea kwa upana. Nahodha akisema twende, kunjeni mkeka.

Na hiyo "siku moja" ni ya baharini tu. Kutoka Moshi kupitia Same, Korogwe, Segera na Muheza hadi Tanga ni siku ya safari, kisha mna Pangani, na Ushongo iko ng'ambo ya mto. Hesabuni usiku mbili, tatu kama mna watoto.

Nimeombwa shilingi laki mbili kwa boti. Mwingine akasema elfu 35 kwa kichwa. Nani mwizi?
*Kijana wa Sakina, Arusha*

Huenda hakuna mwizi. Bei ya boti na bei ya kichwa ni hesabu mbili tofauti. Laki mbili kwa watu 8 ni elfu 25 kila mmoja. Kwa watu 4 ni elfu 50. Uliza kilichomo ndani ya bei: mafuta, kiingilio cha hifadhi (hulipwa kando, na wageni wasio raia hulipa zaidi), miwani ya kupigia mbizi, mwongozaji, chakula. Kiingilio dai risiti yake.

Swali la kumpima mwongozaji ni moja: "Tutaondoka saa ngapi, na kwa nini saa hiyo?" Anayekujibu habari ya maji kupwa, ongea naye bei. Anayesema "muda wowote mtakaopenda, bosi," mshukuru uende kwa mwingine. Malipo ya awali yawe nusu, na mkubaliane mapema kwamba bahari ikichafuka safari inaahirishwa na fedha haipotei. Pasipo makubaliano hayo nahodha hushawishika kwenda ili asirudishe fedha, na abiria hushawishika kumsukuma kwa sababu ametoka mbali. Ajali nyingi huanza hapo, kabla nanga haijang'olewa.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi, sijui kuogelea. Wenzangu wanasema jaketi linatosha. Ni kweli?
*Msomaji wa Usa River*

Marahaba. Linatosha likiwa zima na likikukaa. Jaketi okozi lichunguze ungali mchangani. Minya sponji yake: ikibonyea na kubaki imebonyea, imechoka. Vuta mikanda kwa nguvu, bana vifungo vyote usikie vinalia. Kisha mwambie mwenzako ashike mabegani na kulivuta juu. Likifika masikioni ni kubwa kwako, na majini litapanda hivyohivyo huku wewe ukishuka. Kwa mtoto tafuta lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita ni mtego. Halafu ingia nalo kwenye maji ya kiunoni, kunja magoti, uone linavyokubeba. Dakika mbili tu, na hofu nusu imekwisha.

Jaketi livaliwe tangu mnapanda. Lililofungwa kwenye furushi chini ya benchi halijawahi kumwokoa mtu. Idadi ya majaketi ilingane na vichwa, watoto na wafanyakazi wa boti wakiwemo.

Usiyejua kuogelea unaweza kuangalia samaki vilevile. Vaa jaketi, shika boya ambalo mwongozaji analivuta kwa kamba. Miwani ijaribu bila mkanda: ibandike usoni, vuta pumzi kwa pua, achia mikono. Ikibaki usoni ni yako. Ikidondoka, tafuta nyingine, au toa nywele zilizoingia kwenye ukingo wake. Wenye masharubu hupenyeza maji siku zote. Kioo kisishike ukungu, kitemee mate ndani, sugua kwa kidole, suuza kidogo. Inachefua, ila inafanya kazi. Na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Yanakatika, nayo yanakukata.

Mume wangu alitapika njia nzima Dar–Unguja. Sasa anaogopa hata kuliona bwawa. Kuna dawa?
*Mama Mdogo, Njiro*

Ipo, lakini wengi humeza wakiwa wameshaanza kuyumba, na hapo imechelewa. Sinarizini humezwa kama muda wa saa mbili kabla ya kupanda. Promethazini hulewesha usingizi, hivyo wengine huimeza usiku wa kuamkia safari. Kipimo apewe na mfamasia, hasa kama anatumia dawa nyingine au ni dereva wa kurudi. Asubuhi ale kidogo, vitu vikavu: mkate, ndizi, chai ya tangawizi. Supu na chapati zingoje. Akae katikati ya boti kuelekea nyuma, ambako hakuyumbi kama omoni, yaani mbele, atazame mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, na simu aiweke mfukoni. Ikimzidi, atapikie upande ambao upepo unaelekea. Abiria wenzake watamshukuru.

Mimi ni fundi pikipiki. Niangalie nini kwenye mashine ya boti kabla sijaruhusu wanangu wapande?
*Fundi, Ngaramtoni*

Hili ni swali la mtu anayejua. Mwambie nahodha aiwashe maji yakiwa yanatosha, kisha tazama nyuma ya mashine. Pana mkondo mwembamba wa maji unaoruka pembeni, mfano wa mtoto anayekojoa. Huo ndio unaokuonyesha kwamba pampu inavuta maji ya kupoza. Ukikatika au kudondoka matone, ama kitundu kimezibwa na mchanga, ama pampu imechoka, na mashine itaungua kabla hamjafika. Waya mwembamba ukizibua kitundu na mkondo ukarudi, sawa. Usiporudi, safari hakuna.

Mashine za mipigo miwili huchanganyiwa oili kwenye petroli. Uwiano uliozoeleka ni 50 kwa 1: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, ila kitabu cha mashine yenyewe ndicho kinachoamua. Oili ikipungua, pistoni inashika. Ikizidi, plagi inachafuka na mashine inakohoa, kama unavyoiona kwenye pikipiki. Adui mkubwa baharini ni maji ndani ya petroli. Mafuta ya madumu ya zamani huwa nayo chini, kwa hiyo mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, acha yatulie, uone kama pana mstari.

Kiasi cha mafuta kigawe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Upepo wa alasiri ukiwa usoni, fungu la kurudi huwa halitoshi. Kwenye sanduku la vifaa tafuta plagi za akiba na spana yake, pini ya rafadha (panga linalosukuma boti), bisibisi, kamba ya kuwashia. Ndani ya chombo pawe na nanga yenye kamba ndefu, makasia, kopo la kutolea maji, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usioingiza maji. Mbao za chini zikiwa na maji mnapoanza, uliza yameingia lini.

Tubebe nini? Jibu fupi tafadhali.
*Mama Lishe, Soweto, Moshi*

Maji lita 3 kwa kila mtu, maana funguni hakuna kivuli. Turubai na fito nne, au mwavuli mkubwa. Shati la mikono mirefu na kanga. Wa Moshi mmezoea jua la mawingu, hili la baharini hupiga kutoka juu na kutoka mchangani. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu ya viumbe wa miiba mirefu wanaokaa mwambani. Kandambili huchukuliwa na maji. Vitu visivyotakiwa kulowa viwekwe kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ambayo inashinda begi lolote la dukani. Chakula kipikwe kabla. Takataka zirudi nanyi, makombe yabaki. Hilo la makombe si adabu tu: ni hifadhi, na kuokota hakuruhusiwi.

Mayai ya kasa pia hayaguswi. Kasa hupanda funguni kutaga, na kwa kuwa fungu huzama, walinzi wa kasa huyahamishia mayai ufukweni Ushongo. Yanaanguliwa baada ya kama siku 55 hadi 60. Ulizeni mkifika kama kuna kiota kinachotarajiwa. Mkibahatika, mtawaona wadogo wakikimbilia maji jioni.

Tulikwenda Mei, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tuliibiwa?
*Msomaji wa Tengeru*

Hapana, mlikutana na maji ya nyumbani. Mto Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru: mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ndipo mto unashuka hadi baharini. Njiani hupokea na vijito vya Upare na Usambara, na mvua zikinyesha huko, tope lote hutokea mdomoni Pangani. Maji yanapopwa mto hutema nje. Yanapoanza kujaa, bahari huleta maji safi. Ndiyo maana kuangalia samaki ni bora nusu saa baada ya maji kugeuka, si mara tu mnapofika. Na ikiwa mvua kubwa imenyesha bara wiki hiyo, mpigieni nahodha simu kabla hamjakata tiketi, mumwulize mto una rangi gani.