Dokta, nimuwekee mdogo wangu matone kwenye chai aache pombe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu ana miaka 23, kadisko chuo sababu ya pombe, asubuhi mikono haitulii mpaka apate gongo. Juzi tukamfungia chumbani ili aache, tangu jana usiku anatetemeka na anaongea na watu hatuwaoni. Kuna matone wanauza WhatsApp elfu 70, unaweka kwenye chai bila yeye kujua. Nimuwekee?

JIBU: Marahaba dada. Fungua huo mlango mumpeleke hospitali leo hii, sio kesho. Hajalogwa, ubongo uliozoea pombe kila siku ukiikosa ghafla unapagawa, degedege inaweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo, na huku kuona watu huwa kunaanza siku ya pili mpaka ya nne, na watu wanakufa hapo. Akianguka njiani mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Mkifika semeni wazi kwamba anakunywa gongo na lini kaacha, maana anatakiwa apate sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na diazepam, dawa ya kutuliza ubongo, atapewa na kupunguziwa kidogokidogo na wao, sio ya kununua duka la dawa.

Sasa hayo matone, yaani hapa ndo huwa nachoka kabisa. Kila wiki naulizwa! Dawa ya kumfanya mtu asiweze kunywa ipo, disulfiram, inazuia ini lisimalize kuvunja pombe, mtu akinywa uso unawaka, moyo unakimbia, anatapika, presha inashuka. Anapewa anayejua na kakubali, kapimwa ini na moyo, na hajagusa pombe angalau saa 12. Wewe umtilie kimyakimya halafu atoroke akapige gongo, si umemuua? Na hiyo ni dawa inayojulikana, ya WhatsApp hata anayeiuza hajui ndani kuna nini, ana picha za watu wanaocheka tu na namba ya kutuma hela.

Wengine wanakuja na nyumba za soba, zile anazokaa mtu ili aache ulevi, zipo nzuri, ila mkishatoka hospitali mkaamua kumpeleka ulizeni kwanza kama kuna nesi au daktari anayepita. Wakiwaambia vijana wakorofi wanafungwa minyororo mpaka wazoee, geuzeni naye hapohapo.