Seli shina na taya lililovunjika: anzeni na zile mgonjwa alizonazo

Kila wakija wanafunzi wapya wa mafunzo ya vitendo upande wa taya hapa Mombasa, hakosi mmoja wa kuuliza ni lini tutaanza kutibu kwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Mimi humjibu kwamba tunazitumia kila siku, ila nyingine tunaziua kwa mikono yetu.

Mfupa wa taya una seli shina zake. Ziko kwenye uboho, na nyingine ziko kwenye ule utando mwembamba unaoufunika mfupa kwa nje. Taya likivunjika, damu huganda penye ufa, kisha seli hizo hukusanyika pale, huzaana, na baadhi hugeuka kuwa seli za kujenga mfupa. Wiki 2 au 3 za mwanzo kilichopo ni tishu laini tu. Ugumu huja baadaye. Zile wiki 4 hadi 6 tunazomfunga mgonjwa meno kwa waya ni muda wa kuzipisha seli zifanye kazi yake.

Basi mkiingia chumba cha upasuaji, utando huo msiubandue kupita nafasi inayohitajiwa na plati, kile kibamba cha chuma cha kuushikia mfupa. Kwa mzee asiye na meno tena, ambaye taya limekonda, damu ya mfupa hutegemea sana utando huo. Ukiubandua wote umeukausha mfupa. Mkitoboa matundu ya skrubu, maji ya chumvi ya kupoza mfupa yasikatike. Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983, kwa sungura, kwamba mfupa uliopata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 huharibika. Kisha taya litulie kabisa. Saruji haishiki ukuta unapotikiswa, na skrubu ikilegea, seli zilezile ambazo zingejenga mfupa zitaacha kovu linalochezacheza.

Kutulia huko kuna adui wake hapa pwani, nao ni muguka, yale majani ya kusisimua yanayotafunwa. Kijana wa bodaboda atakuitikia “sawa daktari” kwa adabu zote, na jioni yuko kijiweni shavu limevimba. Msimkaripie. Mwelezeni kwamba kutafuna mchana kutwa kunalisukasuka taya, na kwamba sigara hubana mishipa ya damu inayolisha ule ufa. Akielewa sababu, hushika masharti vizuri zaidi. Aliyefungwa waya aondoke na koleo la kuzikatia, na watu wa nyumbani waonyeshwe ni waya zipi za kukatwa akianza kutapika.

Kabla ya yote hayo, mpimeni sawasawa. Aliyeangukia kidevu, bonyezeni mbele ya masikio yote mawili, maana nguvu husafiri ikavunja shingo za taya huko juu. Tazameni chini ya ulimi kama damu imevilia. Mpeni kijiti cha kukandamizia ulimi akiume, mkizungushe: akikiuma mpaka kikavunjika, kwa kawaida taya lake ni zima. Na kama mdomo wa chini umekufa ganzi, andikeni kwenye faili kabla ya upasuaji, la sivyo mtaambiwa ni nyinyi mliokata mshipa wa fahamu.

Sasa zile seli za maabara ambazo wanafunzi huziulizia. Mwaka 2000 Gronthos na wenzake walieleza seli shina za kiini cha jino, na mwaka 2003 Miura na wenzake wakazipata kwenye meno ya utotoni yaliyong'oka. Zipo pia kwenye uboho wa nyonga na kwenye mafuta ya mwili. Huko Mexico, utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha wagonjwa 20 waliovunjika taya la chini: nusu waliwekewa seli kutoka mafuta yao wenyewe, nusu hawakuwekewa. Wiki ya 4 hapakuwa na tofauti ya maana. Wiki ya 12 mfupa wa waliowekewa ulikuwa umekomaa zaidi. Yatia moyo, lakini ni watu 20, na wote taya zao zilitengenezwa kwa upasuaji kwanza. Kwa maoni yangu, ufa wa kawaida uliokazwa vizuri hauhitaji gharama hiyo. Pale penye pengo kubwa, kama risasi au uvimbe umekula kipande cha mfupa, au ufa umekataa kuunga, hapo ndipo seli zikipandwa kwenye kiunzi cha kuzishikilia zinaweza kumpunguzia mtu kukatwa kipande cha mfupa wa nyonga cha kuzibia pengo.

Mgonjwa akija na karatasi ya kliniki inayouza sindano za seli shina, msimcheke. Muulizeni: je, huo ni utafiti? Kama ndiyo, kiko wapi kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti hapa Kenya? Na katika utafiti wa kweli, mbona analipishwa?

Swali la akina mama nalo mtalisikia sana: “Nimemuwekea mwanangu jino lake, litamfaa?” Jino lililofungwa kwenye leso kabatini limekauka, na seli zake zimekufa. La kuhifadhiwa hutakiwa kiini chake kiwe hai linapotoka, liwekwe kwenye majimaji maalumu yenye ubaridi na lifike maabara upesi, kisha seli zigandishwe. Mwambieni hivyo kwa upole, na jino alirudishe kabatini kama ukumbusho.