Furaha, kuhusu hiyo kazi ya pwani

Furaha mwanangu,

Salamu kutoka Himbi, hapa Goma. Umeuliza kama kazi waliyokupa, ya kukaa na wapiga mbizi ndani ya chumba cha shinikizo, kile kinachobanwa hewa ndani, wakivuta oksijeni ya matibabu, itakuharibu mapafu. Papa yako anataka nijibu ndiyo au hapana. Angoje.

Unamkumbuka yule kijana wa familia yenye malori? Baba yake alilazwa na nimonia, kipimo cha kidoleni kinasoma oksijeni ya damu 96 kwa mia, inatosha, nimemwekea lita mbili za oksijeni kwa dakika. Kijana akaingia usiku, akazungusha kifungo mpaka kigololi kikagonga juu ya bomba la kupimia. Nikakirudisha. Akazungusha tena: "Mama, unatubania hewa?" Asubuhi mkubwa wangu akanisimamisha mbele ya ukoo mzima, niombe radhi. Niliomba. Mpaka leo inaniwasha.

Oksijeni ni dawa, na dawa ni kipimo. Wadogo zako wananiigiza nikisema hivyo, waache waigize.

Ingawa, tuseme kweli, usiku ule mmoja haungemuua mzee. Mtungi ulikuwa mmoja na mama wa kitanda cha pili alikuwa anaungoja; labda hilo ndilo liliniuma zaidi.

Chumba chako ni habari nyingine. Hapa Goma, kwenye mita 1,500 hivi, tunavuta oksijeni yenye shinikizo la 0.18 ya angahewa (angahewa moja ni shinikizo la hewa usawa wa bahari). Mgonjwa wako akivuta oksijeni tupu kwenye shinikizo la angahewa 2.4 anapata mara 13 ya hiyo yetu. Ikipita nusu angahewa kwa saa nyingi, inaunguza utando wa vifuko vya mapafu: koo linanyevua, kikohozi kikavu kinakuja, kifua kinachoma ukivuta pumzi. Ikizidi, maji yanavuja ndani ya vifuko na mtu anakosa oksijeni huku amezama ndani yake. Mtafiti James Lorrain Smith aliyaona hayo kwa panya tangu 1899. Ndiyo maana mgonjwa anavuliwa barakoa ya oksijeni kila baada ya muda, avute hewa ya kawaida.

Wewe mhudumu unavuta hewa ya chumbani, siyo ya barakoa. Nayo ikibanwa hadi angahewa 2.4, oksijeni yake inafika nusu angahewa, mpakani kabisa. Kwa saa mbili sioni neno. Lakini watakuingiza mara ngapi kwa siku? Na wakikupa barakoa wakati wa kutoka, nani anashika saa?

Papa yako anachungulia begani, anataka niandike "nenda". Siandiki. Uliza tu ni nani anaruhusiwa kugusa kifungo. Wakikujibu kwamba mkubwa akisema fungua, unafungua, mimi ningekuwa nimeshafunga mizigo. Lakini kazi ni yako, sijasema kitu.

Mama yako