Nifanye nini chuoni ili niwe mtafiti?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nasoma mikrobiolojia, mwaka wa pili, na nataka kuwa mtafiti. Alama zangu ni nzuri, lakini kaka na dada waliohitimu wananiambia hazitoshi. Niweke nguvu wapi?
– Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Wamekuambia kweli. Jaribio la darasani lina jibu ambalo mwalimu analijua tayari. Kwenye utafiti hakuna anayelijua, kwa hiyo lazima namba yako iaminike.

Anza na mikono. Katika kuhesabu bakteria wa maziwa, unatia mililita 1 ya maziwa kwenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa kwa ajili hiyo, unachanganya vizuri, unachota mililita 1 kutia kwenye 9 nyingine, mara nne mfululizo. Ukipandikiza mililita 0.1 ya hatua ya nne kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na zikaota koloni 85 (vidoto vya bakteria vinavyoonekana kwa macho), maziwa yale yana takriban bakteria milioni 8.5 kwa mililita. Sahani yenye koloni chini ya 30 au zaidi ya 300 usiitegemee. Wengi huharibu kwa kutumia ncha ileile ya pipeti (kifaa cha kuvutia na kupimia kimiminika) hatua zote, bakteria wakabebwa kwenda mbele. Wengine hubonyeza kitufe cha pipeti hadi kituo cha pili, yaani hadi mwisho kabisa, wakati wa kuvuta, ikachukua zaidi. Jipime kwa mizani: mikrolita 1,000 za maji ni karibu gramu 1. Rudia mara kumi uone namba zinavyotofautiana. Na kila siku weka sahani isiyo na maziwa. Ikiota kitu, matokeo ya siku hiyo hayana thamani, hata yakipendeza.

Daftari la maabara liandikwe kwa wino, papo hapo. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke, kurasa zisichanwe.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, usiifanye popote ilimradi upate muhuri. Andika barua mapema kwa taasisi zinazofanya utafiti hasa, kama NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au Taasisi ya Afya Ifakara, ukitaja mbinu unazozimudu.

Mradi wa mwaka wa mwisho ndio utakaokupima kuliko yote. Chagua swali dogo. Ukigusa damu au mkojo wa watu utahitaji kibali cha maadili kabla ya sampuli ya kwanza, na kukisubiri kunaweza kumeza muhula. Kutumia maziwa ya sokoni ni rahisi zaidi. Jifunze R, programu ya kuchambua takwimu, ni ya bure, na umwone mwalimu wa takwimu kabla ya kukusanya chochote. Sampuli zikishakuwa chache mno, hakuna hesabu itakayoziokoa.