Swichi kwenye pete: maswali yenu

Swali: Nina swichi nne. Nikizifunga kwa pete, kasi inaongezeka mara mbili?

Hapana. Ethaneti, mfumo wa nyaya unaounganisha swichi zako, haivumilii kitanzi. Pakiti ya IP ina kikomo cha hatua, fremu ya Ethaneti haina. Ikianza kuzunguka, hakuna cha kuizima. Ombi moja tu la ARP (kuuliza mtandao mzima kifaa chenye anwani fulani ya IP ni kipi) huzunguka na kurudufiwa mpaka mtandao mzima ulale. Ndiyo maana STP, itifaki ya swichi ya kuzuia vitanzi, hufunga poti moja ya pete. Waya wa poti hiyo ni akiba, hufunguliwa pale mwingine unapokatika. Wengi huweka pete wakidhani wamepata upana.

Swali: Waya ulikatika, mtandao ukarudi baada ya karibu dakika nzima. Ni kawaida?

Kwa STP ya zamani, ndiyo: sekunde 20 za kungoja taarifa iliyokatika, 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Washa RSTP, toleo lake la haraka, lililotoka mwaka 2001.

Swali: Basi nyaya zote haziwezi kufanya kazi kwa pamoja?

Zinaweza, kwa MSTP, aina ya STP inayojenga miti (ramani za njia zisizo na kitanzi) zaidi ya mmoja. Tuseme pete yako ni A, B, C, D. VLAN (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi zilezile) 10 na 20 zipe mti ambao mzizi wake, yaani swichi ambako njia zote zinaanzia, ni A; 30 na 40 zipe mti wa mzizi C. Mti wa kwanza utafunga waya mmoja upande wa C, wa pili utafunga mmoja upande wa A, na hakuna waya unaolala kabisa. Lakini mgawanyo huo hauangalii uzito: ukirundika kamera zote VLAN 10, upande mmoja utaelemewa na MSTP haitajali. Jina la eneo (kundi la swichi zinazoshiriki mgawanyo huo), namba ya toleo na orodha ya VLAN lazima vifanane kwenye swichi zote nne. Herufi moja ikikosewa, swichi hiyo inakuwa eneo lake peke yake.

Na mzizi upange mwenyewe. Kipaumbele cha kawaida ni 32768 kila mahali, hivyo anayeshinda ni mwenye MAC (anwani ya kiwandani ya kifaa) ndogo, mara nyingi ile swichi kuukuu kuliko zote. Namba ndogo ndiyo hushinda, kwa hiyo weka 4096 kwenye swichi unayotaka iwe mzizi.

Swali: Nimeunganisha nyaya mbili za gigabiti 1 kwa LACP, mbona kunakili faili moja hakuvuki gigabiti 1?

Haitavuka. LACP hugawa mazungumzo (mawasiliano kati ya vifaa viwili) kati ya nyaya, haipasui zungumzo moja, ili fremu zisifike zikiwa zimepishana. Watumiaji wakiwa wengi utaona faida. Ila kama trafiki yote inapita kati ya ruta mbili na swichi inagawa kwa MAC, yote itaangukia waya mmoja. Badili igawe kwa anwani za IP na namba za poti za TCP/UDP (za programu, si poti za swichi).