Uliza Tukujibu: Masta ya utengamao, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mimi ni fizio (mtaalamu wa fiziotherapia) kwenye hospitali moja huku Mpwapwa, digrii ninayo na kazini nishakaa kidogo. Wagonjwa wangu wengi ni watoto wenye mtindio wa ubongo na vijana wa bodaboda waliovunjika mgongo au miguu. Nataka kusoma masta ya utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujongea na kujitegemea, na utafiti wa ulemavu wa viungo, ila wenzangu wanasema bila kwenda nje ni kupoteza muda mana huko ndo kuna maabara za kupima mwendo. Nianzie wapi, na ada natoa wapi kwa mshahara huu? – Dada Fizio, Mpwapwa

JIBU: Dada Fizio pole na majukumu. Kabla hujafungua tovuti ya chuo chochote chukua daftari uandike kile kinachokukera kila siku ya kliniki, mana hicho ndo kitakuchagulia chuo. Hizo maabara wanazokwambia ni chumba chenye kamera pande zote na vibao vya sakafuni vinavyopima mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na kwa mtoto anayetaka kupasuliwa miguu zinamsaidia sana daktari, sibishi. Lakini kama kinachokukera ni kwamba mama anamleta mtoto kliniki mara mbili alafu haonekani tena, kamera hata uweke mia hazitakwambia alikwamia wapi, kwenye nauli, kwa mume, au ni vile anaona mtoto habadiliki basi akachoka. Hapo unahitaji kufundishwa kuhoji watu, kufuatilia watoto kwa miezi, na takwimu. Takwimu usizikimbie tafadhali.

Na vipimo vya bei rahisi vipo. Kuna GMFCS, ilitolewa Canada mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake, inawagawa watoto wenye mtindio wa ubongo kwenye ngazi 5: wa ngazi ya 1 anatembea mwenyewe na hata ngazi za jengo anapanda, wa ngazi ya 5 anasukumwa kwenye kiti kila aendako. Unamtazama mtoto anavyojongea, unamuuliza mzazi, umemaliza. Kama kwenye mafaili yako ngazi hizo hujawahi kuziandika anza wiki hii, mana ukija kuandika andiko la utafiti na tayari unajua watoto wako wengi wako ngazi ipi unakuwa mbali sana kuliko muombaji aliyeandika tu kwamba anapenda kusaidia walemavu (wanaosoma maombi sentensi hiyo wameichoka).

Vyuo sasa. Chuo Kikuu cha Western Cape kule Afrika Kusini wana masta ya fiziotherapia na wamesomesha wengi kutoka nchi za Afrika. Ukiona swali lako ni la jamii zaidi, masta ya afya ya jamii pale chuo cha Muhimbili inakutosha kabisa, utafiti unaufanyia hukohuko Mpwapwa na msimamizi unamfuata Dar kwa treni ya SGR. Ila ulizia mapema kama kozi ni ya darasani tupu au ina tasnifu, na kama kuna mwalimu pale anayeshughulika na jambo lako. Bila huyo mtu utasoma kwa kujikongoja. Mwandikie, barua fupi, aya mbili tu.

Pesa: Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanalipia masta ya mwaka mmoja Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi ambazo huenda wewe tayari unazo, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2. Skolashipu za Jumuiya ya Madola nazo jaribu. Kama umeajiriwa serikalini ruhusa ya masomo iombe mapema kwa maandishi, usisubiri barua ya chuo ndo uanze kukimbizana na ofisi. Kibali cha maadili ya utafiti pia kinakula muda, kwa ngazi ya taifa ni NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na watoto hawaguswi bila mzazi kuridhia.

SWALI: Mimi natumia kiti mwendo, nimesoma sosholojia hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Naweza kusoma mambo haya ya utengamao na ulemavu au ni ya madaktari tu? – Kijana wa Ng'ong'ona

JIBU: Unaweza, kwa mlango mwingine. Kutibu mgonjwa hutaruhusiwa kwa digrii hiyo, ila kutafiti ndio. Chuo cha Cape Town kina masta ya taaluma ya ulemavu na huhitaji udaktari. Swali la kuanzia unalo mlangoni kwako: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, nenda kapime majengo ya huduma hapa Dodoma, mengine mapya kabisa tangu makao makuu yahamie, mangapi kiti chako kinaingia bila kubebwa na watu. Pima na mteremko wa njia ya viti mwendo kwa futi kamba, mana zipo zilizojengwa kali mno ukishuka peke yako unaangukia pua. Na unapoandika maombi hali yako itaje waziwazi, utakuta vyuo vingine vina ofisi kamili ya kukupangia bweni na madarasa ya chini.